Aliyekuwa Humo Amekwenda Wapi?

Tundu liliingia uani kwetu Ngamiani, Tanga, likiwa kichwani mwa shemeji, na kabla hajalitua Mama alikwisha kuuliza swali lake. Mama ni mama mzazi wa mume wangu, na mkeka wake hutandikwa mahali panapomwezesha kuona mlango wa uani na jiko kwa pamoja.

"Tundu zuri," alisema. "Na aliyekuwa humo amekwenda wapi?"

Hakuna aliyejua. Shemeji alijua bei tu, nayo ilikuwa bure. Mwenye tundu ni mtu anayefanya kazi na mume wangu, amehamishiwa Mtwara na hakutaka kulibeba. Lilikuwa tundu kubwa la nyaya za zinki, lenye milango miwili, vikombe vya plastiki vya maji na chakula, vijiti vya mbao vya kutulia ndege, na trei chini iliyopakwa rangi ya kijani. Binti yangu, aliyeahidiwa ndege tangu alipofaulu mtihani wa darasa la nne, alikuwa tayari analizunguka akichagua upande wa kutundika kengele. Tulikwisha kupatana na mfugaji mmoja wa Chumbageni atuuzie baji wawili, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wenye mistari myeusi kuanzia kichwani hadi mbawani. Kijana mmoja alikuwa amepita kabla ya hapo akiwa na boksi lenye kasuku wa mwituni wenye uso wa rangi ya chungwa, wale wa Fischer wanaotoka kwetu kaskazini, upande wa Serengeti. Wazuri mno, lakini walinaswa porini, na ndege wa porini hafugwi nyumbani Tanzania bila kibali. Mume wangu alimrudisha na boksi lake. Baji wanazaliwa matunduni vizazi na vizazi, hawamwibii mtu yeyote msitu.

Jioni mume wangu alipiga simu Mtwara, na jibu la swali la Mama likaja vipande vipande. Humo alikuwa baji mmoja. Alikufa. Kabla ya kufa alikaa chini kwenye trei, amejitutumua manyoya, macho yamefumba nusu, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, kinyesi kimekuwa majimaji ya kijani. Tundu likafutwa juu juu, likawekwa stoo.

"Basi hilo halilali ndani," Mama alisema, na halikulala ndani. Liliachwa barazani, karibu na kamba ya nguo.

Asubuhi yake binti yangu alijikuna shingo mpaka akalia. Mama akachukua shuka lake jeupe lililokuwa limelala kambani, akalitandaza juani na kulipitisha mbele ya macho kwa utaratibu, akatuonyesha: vitone vidogo vyekundu, vinatembea. Utitiri. Usiku wa pili alitandika karatasi nyeupe chini ya tundu, na alfajiri karatasi ikatupa jibu lilelile. Wadudu hawa mchana hujificha kwenye viungio vya nyaya, ndani ya nyufa za vijiti na chini ya midomo ya trei. Usiku hutoka kutafuta damu. Ndege asipokuwepo humrukia binadamu, na wanaweza kukaa miezi bila kula wakingoja mpangaji mpya. Stoo ya yule bwana haikuwaua. Iliwapumzisha.

Hapo ndipo tulipomwita bwana mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki yake, akasalimia, hakuligusa tundu. Alichuchumaa mbele yake akaanza kuuliza. Yule ndege alinyonyoka manyoya? Mdomo wake ulikuwa unavunjika au kurefuka ovyo? Mume wangu akapiga tena simu Mtwara. Hapana, manyoya yalikuwepo mpaka mwisho, mdomo mzima. Bwana mifugo akashusha pumzi. Kuna ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya, alisema, ambao kirusi chake ni kigumu kufa na hukaa muda mrefu kwenye vifaa. Lingekuwa hilo, angetushauri tundu liende kwa wanunua vyuma chakavu, sio kwa ndege mwingine.

"Lakini hayo mliyoyaeleza," aliendelea, "yanaweza kuwa mambo mengi, na moja ninaliogopa kwa ajili yenu ninyi, sio ndege. Homa ya kasuku."

Nilikwisha kusoma habari za homa hiyo, na inafaa kusimuliwa kwa sababu iliingilia sebuleni. Mwisho wa mwaka 1929 kasuku kutoka Amerika ya Kusini walikuwa zawadi iliyopendwa. Huko Annapolis, jimbo la Maryland, Marekani, mtu mmoja alimnunulia mkewe kasuku kwa ajili ya Krismasi. Ndege akafa mkesha wa sikukuu, na Januari ilipoingia mke, binti na mkwe walikuwa wamelala na ugonjwa mkali wa mapafu. Rais Herbert Hoover akapiga marufuku uingizaji wa kasuku mwezi huohuo wa Januari 1930. Katika maabara ya serikali mjini Washington iliyokuwa ikiutafiti ugonjwa, watumishi waliugua mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wasiomgusa kasuku hata mmoja. Msaidizi wa maabara, Henry Anderson, akafa. Mwishowe wanyama wote wa majaribio waliuawa na jengo zima likafukizwa kwa sianidi. Leo dawa ipo, antibaiotiki za jamii ya tetrasaiklini huutibu vizuri, lakini njia yake ya kuingia haijabadilika: kinyesi kikikauka huwa vumbi, vumbi likapeperuka, mtu akalivuta.

Shemeji, wakati bwana mifugo anaeleza haya, alikuwa amekwisha kushika trei na kijiti, tayari kuigonga ukutani makapi yadondoke.

"Wee!" Mama alipiga ukelele. "Hujasikia vumbi?"

Alisikia, akaiweka chini taratibu. Bwana mifugo akaomba ndoo ya maji na sabuni, akamwonyesha: lowesha kwanza. Nyunyiza kote, ngoja uchafu ulainike, ndipo uukwangue ukiwa mbichi, uuingize mfukoni na kuufunga. Usifagie kikavu, usipulize, usitumie mpira wa maji kwa nguvu ukarusha matone hewani. Vaa barakoa na glovu. Watoto wakae mbali. Na mtu akipata homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu katika wiki mbili hivi zinazofuata, aende hospitali na amwambie daktari wazi kwamba alisafisha tundu la kasuku, maana daktari asipoambiwa atatafuta malaria na mafua.

Tulilowesha, tukakwangua. Vijiti vya mbao vilitolewa na kuchomwa moto nje, kwa sababu mbao hunywa kila kitu na hakuna dawa inayofika ndani ya vinyweleo vyake. Vikombe vya plastiki vilikuwa na mikwaruzo, navyo vikatupwa. Trei ya kijani ilinitia mashaka kuliko vyote. Rangi yake ilikuwa inabanduka magamba magamba, na rangi za zamani mara nyingi zina risasi. Baji huonja dunia kwa mdomo, angezibandua zote na kuzimeza. Nikaenda sokoni kutafuta sinia la chuma cha pua la ukubwa uleule. Nyaya zikamwagiwa maji yaliyotokota, birika baada ya birika, kwenye kila pembe na kila kiungio, na utitiri ukaelea juu ya maji ya beseni. Mama alikaa pale na kijiti akihesabu maiti.

Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuja na Mjomba.

Mjomba wa mume wangu aliwahi kufanya kazi kwenye meli, na anaamini hakuna uchafu uliomshinda baharia. Alifika Jumamosi tukiwa tumetoka kwenda msibani, akamkuta shemeji bafuni anapambana na ukoko mweupe uliobaki kwenye nyaya. Shemeji alikuwa amejaza beseni maji na kumimina jiki, tena bila kupima, maana kwake dawa nyingi ni usafi mwingi. Ukoko haukutoka. Jiki haitoi ukoko, huua vijidudu tu. Mjomba akatazama, akasema kwamba ukoko unataka kitu kichachu, akaenda jikoni, akakata ndimu zote zilizokuwa kwenye ungo, akazikamulia ndani ya beseni lilelile, kisha akaongeza chupa ya siki.

Bafu letu lina kidirisha kisichozidi ukubwa wa daftari.

Tulikuwa tunaingia mlangoni tuliposikia kikohozi. Sio kikohozi cha kawaida. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayetafuta hewa asiipate. Harufu ilitupiga ukumbini, kali, inachoma puani. Mume wangu alijifunga kanga iliyolowa usoni, akaingia akamkokota Mjomba kwa kwapa. Shemeji alitoka mwenyewe kwa magoti, macho yamevimba. Nikafungua milango yote ya mbele na ya nyuma, nikawapeleka binti yangu na Mama kwa jirani, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi bafuni kumwaga lile beseni, ingawa shemeji alitaka kurudi. Liliachwa mpaka hewa ikajisafisha yenyewe.

Jiki ni hipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi, iwe ndimu, siki au baadhi ya dawa za kusafishia choo, hutoa hewa ya klorini, hewa ileile iliyorushwa na jeshi la Ujerumani kwa askari waliokuwa mahandakini karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ikikutana na amonia, iliyomo katika mkojo na katika baadhi ya dawa za kung'arisha vioo, hutoa mvuke mwingine wa sumu. Vitu hivi vyote vinakaa rafu moja katika nyumba zetu, na kila kimoja kwa peke yake ni rafiki wa nyumba. Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu chupa za jiki huwa na onyo hilo kwa maandishi madogo sana, na watu wanaozitumia zaidi, akina mama na wasichana wa kazi, ndio wanaofanya kazi katika mabafu yasiyo na dirisha.

Tuliwaosha macho kwa maji safi ya mtungi, mengi, kwa muda mrefu, tukawapeleka zahanati kwa bajaji. Walipewa hewa, wakasikilizwa vifua, wakakalishwa mpaka jioni. Muuguzi alitueleza kwamba mapafu yaliyoguswa na klorini yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye, kwa hiyo usiku ule tusilale fofofo. Kifua kikibana, turudi mara moja. Mama alikesha mlangoni mwa chumba cha kaka yake akisikiliza pumzi zake. Alfajiri Mjomba aliomba chai, na Mama akampa chai na maneno.

"Kaka, wewe baharini ulikuwa unasafisha nini?"

"Sitaha, dada."

"Sitaha ina upepo."

Mjomba hakujibu. Alipona kabisa, shemeji pia.

Baada ya hapo kazi ilihamia uani, na Mama ndiye aliyekuwa msimamizi. Alitaka kila kitu kiwe na siku yake. Siku ya siki ilikuwa ya siki tu: nyaya zilisuguliwa kwa brashi na siki, kwa sababu ule ukoko mweupe haukuwa kinyesi peke yake. Sehemu yake ilikuwa kutu nyeupe ya zinki, unga unaotokea juu ya nyaya za zinki zinapozeeka, na kasuku anayetafuna nyaya za namna hiyo hupata sumu ya zinki polepole. Siki huuondoa. Kisha maji, maji, na maji tena, na tundu likalala limekauka.

Siku ya jiki ikafuata. Kwanza sabuni na maji ya moto tena, kwa sababu uchafu hula nguvu ya jiki na ukiipaka juu ya kinyesi umepoteza jiki yako. Likasuuzwa. Kisha nusu kikombe cha jiki kwa lita 4 za maji ya baridi; ya baridi, maana maji ya moto huipeperusha dawa na kuirudisha puani mwako. Mchanganyiko ulitengenezwa asubuhi ileile, ukapakwa mpaka kila waya ukalowa, na ukaachwa kwa dakika 10 huku binti yangu akishika simu yenye saa. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanapaka na kusuuza papo hapo. Dawa inahitaji muda wa kukaa juu ya chuma ikiwa bado majimaji. Lakini isikae kutwa, maana jiki hula chuma. Shemeji alileta pia ile dawa ya kahawia inayogeuka maziwa ukiitia majini, ambayo nyumba nyingi huiamini kwa kila kitu. Bwana mifugo alikwisha kuikataa: masalia yake hayafai karibu na ndege. Ikarudi kabatini.

Kusuuza kulitaka maji mengi, na siku hiyo mabomba yalikuwa makavu. Mume wangu na shemeji walibeba madumu kutoka kisima cha msikitini, na watu njiani wakauliza kuna shughuli gani. Mwishoni tundu liling'aa. Likawekwa juu ya ukuta wa uani, jua likalishika.

Wakaja kunguru.

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu sio wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakavuka bahari na kuuzoea mwambao wote. Tanga wanajua saa ya kila nyumba kumwaga taka. Wawili walitua juu ya tundu letu, wakalikagua, mmoja akaingia kwa mlango uliokuwa wazi, na walipoondoka waliacha kinyesi kuanzia juu hadi kwenye sinia jipya. Binti yangu alilia kwa hasira. Hakuna aliyemwambia anyamaze, maana ndege wa nje huleta vijidudu vyao, na kazi yote ilikuwa imerudi mwanzo: kulowesha, sabuni, kusuuza, jiki, dakika 10, madumu.

Safari hii shemeji alitaka kulifunika kwa chandarua cha zamani. Mama akakataa, chandarua kina dawa ya mbu na ndege watakuja kutafuna nyuzi zake. Tukatumia wavu wa dirishani uliobaki tulipojenga. Kunguru walikaa juu ya bati la jirani wakatazama.

Jua la Tanga halina mpinzani kwa kazi hii. Siku kadhaa tundu lilikaa juani, likigeuzwa, mpaka Mama alipoingiza uso wake wote ndani yake, akanusa kila pembe, akasema halina harufu ya kitu chochote. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Ndege anapumua tofauti na sisi: hewa hupita mapafuni mwake kwa njia moja, ikisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, naye huchota oksijeni vizuri mno, na sumu vilevile. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na ndege wa kanari, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, na wakaendelea nao mpaka mwaka 1986. Kanari aliyumba kabla mtu hajahisi kitu.

Nilipomweleza Mama habari za kanari alinyamaza kidogo, kisha akauliza lile tulilokuwa tunaliogopa sote.

"Na udi?"

Chetezo cha Mama huwashwa kila Alhamisi jioni na kila Ijumaa, tangu kabla mimi sijaolewa katika nyumba hii. Mume wangu alitazama sakafu. Nikasema, "Mama, moshi wowote unawaumiza. Udi, dawa ya mbu ya kuwasha, jiko la mkaa, hata kikaango kisichoshika kikiungua mtupu."

Alifikiri mpaka chai ikapoa. Akaamua kwamba tundu litakaa chumba cha mbele, kwenye dirisha la upepo wa bahari, na udi utafukizwa chumbani kwake mwisho wa ukumbi, mlango umefungwa, dirisha wazi. Jiko la mkaa lilikuwa uani siku zote. Dawa ya mbu ya kuwasha ikapigwa marufuku, tukabaki na vyandarua vitandani. Na kikaango kile alikitoa mwenyewe jikoni, akampa Mjomba aende nacho kwake.

Binti yangu alikata matawi ya mpera uliopo nyuma ya nyumba, akayaosha na kuyaanika, yakawa vijiti vipya vya kutulia, vinene na vyembamba, kwa afya ya miguu ya ndege. Mparachichi wa jirani hatukuugusa. Majani na tunda lake ni sumu kwa kasuku. Mume wangu alipima nafasi kati ya waya na waya, kidogo zaidi ya sentimita moja, kichwa cha baji hakipiti. Ndipo tukaenda Chumbageni.

Baji walifika wakiwa kwenye boksi lenye matundu, wakaingia wenyewe, mmoja akapanda kwenye tawi la mpera na kuanza kulimenya ganda. Karatasi nyeupe ya Mama ilitandikwa chini yao usiku huo na usiku uliofuata. Ilibaki nyeupe.

Habari za karatasi hiyo zilifika kwa shangazi yangu kule Chumbageni, mwenye banda la kuku ambao hawatagi vizuri na wanajikuna usiku kucha. Alipiga simu, akasalimiana na Mama kwa kirefu, kisha akaomba aazimwe shemeji, birika kubwa na brashi. Mama alikubali kwa sharti kwamba ataandamana naye, na kwamba Mjomba akitaka kwenda, aende, lakini ndimu zitabaki nyumbani.